Kopo la Mkono

Neno "karibu" halikuwemo katika abonema. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mteja mpya alijifunza kwa Mama Malewa, na wengi walijifunza wakiwa wamesimama mlangoni na njaa yao, wakingoja mtu awaambie waketi. Hakuna aliyewaambia. Wakijiketisha wenyewe, bukari, ule ugali wetu, ilikuja, samaki akaja, sombe ya majani ya mihogo ikaja kama ilikuwa siku yake, vyote kwa wakati na kwa kipimo walicholipia. Lakini sauti haikuja.

"Minyi nililipa mwezi muzima," walilalamika.

"Ulilipa chakula," alijibu kutoka jikoni bila kugeuza kichwa. "Karibu haiko mu abonema. Maji ya kunawa haiko mu abonema. Na ile meno unaona huyu mutoto anacheka nayo akikuletea sahani, ile pia haiko. Ile yote ni ya mukono."

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka kijiji gani, na sikuwahi kumwuliza. Nilimjua kwa nyumba yake ya chakula, nilikokuwa mhudumu, nyuma ya gare, yaani stesheni ya treni, ya Kamina, nyumba ya matofali mabichi yenye meza ndefu na benchi, aina ile tunayoiita malewa. Makarani wa reli walimwita Mama Malewa, kina mama wa kwaya ya Wamethodisti walimwita Mama Malewa, na hata mchungaji, alipotaka kumtangaza kanisani, alisitasita kidogo kisha akasema Mama Malewa.

Watu wake wengi walikula kwa abonema, yaani walilipa mwanzoni mwa mwezi wakala mpaka mwisho. Ilikuwa miaka ya vita na hakuna aliyependa noti. Noti ililala na nguvu zake, asubuhi ikaamka mgonjwa. Kwa hiyo mtu alilipa kwa gunia la mahindi, au beseni la mihogo mikavu, au bidoni la mafuta ya mawese. Akishalipa, alifikiri amemaliza. Ndipo Mama Malewa alipomwonyesha ukuta.

Ukutani palikuwa na misumari, na kwenye kila msumari kopo: la nyanya, la maziwa ya unga, la rangi. Kila mwenye abonema alikuwa na lake lenye alama yake. Siku ileile ya kulipa, mbele ya wenzake, alitakiwa alijaze kwa matabishi ya mwezi mzima, kile ambacho angewapa wahudumu juu ya bei ya chakula. Humo aliweka vipande vya sabuni vilivyokatwa kwa waya, chumvi iliyofungwa kwenye plastiki, sigara mojamoja, sindano, njiti za kiberiti zilizofungwa kwa uzi. Kila alipokula alichomoa kitu kimoja na kumpa aliyemhudumia. Mama Malewa mwenyewe hakugusa kopo la mtu. Aliligonga tu kwa ukucha akipita, akasikiliza, akatikisa kichwa kama muuguzi aliyesikia kifua kibaya.

Kujaza kopo kulikuwa na elimu yake, na aliifundisha bila kuombwa.

"Anza kuweka ya wiki ya mwisho," alimwambia mteja mpya. "Wiki ya kwanza kila mutu anakupenda. Unga iko mingi, samaki iko mingi, hata minyi nakupenda. Ku mwisho wa mwezi samaki inakuwa kidogo, na mutu ataangalia kwanza nani njo apate kichwa na nani apate mukia. Ile siku njo utakumbuka sabuni yako."

Karani mmoja wa reli hakumsikiliza. Alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Wiki ya kwanza aliwaleta wakwe zake kula, akataka waone alivyo mkubwa. Alinipa sigara kwa bukari, akanipa sabuni kwa samaki, akanipa sindano kwa maji, na wakwe zake wakatazamana. Kabla mwezi haujafika nusu kopo lake lilikuwa tupu. Alijua Mama Malewa angeligonga, basi akaokota kokoto kwenye njia ya reli akazitia humo, kopo likawa linalia vizuri kuliko yote.

Mama Malewa aligonga, akasikiliza, akaenda zake. Kesho yake aliniita, akaniagiza nizitoe kokoto zote, nizioshe mpaka zing'ae. Nilizipanga kwenye kisahani kando ya bukari ya karani, kama mtu anavyopanga pilipili.

"Hii ni nini?" karani akauliza.

"Karani, uliwekea mukono vyakula," sauti ikatoka jikoni. "Mukono imeshiba. Inakurudishia kidogo."

Mezani walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Karani naye, lazima nimsifu, alichukua kokoto moja, akaichovya kwenye mchuzi, akailamba, akasema haina chumvi. Tangu siku hiyo alipendwa hata kopo likiwa tupu.

Kilichoogopwa zaidi ni kuwa mtu wa kubakisha. Mwezi ukiisha na kopo likawa na kitu ndani, kitu hicho kilikuwa cha mwenyewe na kilipaswa kurudishwa. Lakini kilirudishwa kwa wimbo. Sisi wahudumu tulishika vifuniko vya sufuria tukasimama nyuma ya mtu huyo, yeye akafunikwa kitambaa kichwani, nasi tukaimba: "Imebaki, imebaki, mukono haikuiona." Tuliimba mpaka watu wa gare wakaja kuchungulia. Kisha Mama Malewa alimpa kipande chake cha sabuni kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyopewa mtu cheti.

Nesi mmoja wa kiume wa hospitali, Mkatoliki mwenye mpango, aliimbiwa miezi miwili mfululizo. Aliligawa kopo lake kwa makaratasi, kila wiki na chumba chake, lakini Jumapili alikula mara mbili na kutoa mara moja, akisema Jumapili ni siku moja. Mwezi wa tatu alikuja siku ya mwisho akala mara nne, bila njaa, ili tu kopo liishe. Alitoka ameshika ukuta.

Usidhani basi kwamba Mama Malewa mwenyewe alikuwa na mkono mwepesi. Sokoni alikuwa mateso. Muuza nyanya alipomwona anakuja alianza kuhesabu nyanya zake upya. Akinunua fungu alidai la juu, yaani la nyongeza, akipewa la juu alidai jingine la "mutoto", na alipoulizwa mtoto yupi alinionyesha mimi, niliyekuwa mrefu kumzidi. Kanisani alitoa fungu la kumi sawasawa, lakini baada ya ibada alimfuata mzee aliyepitisha kikapu cha sadaka na kumtilia pakiti ya chumvi mfukoni.

"Mama, ile ya Mungu umeshatoa," mzee alimwambia.

"Ya Mungu nimetoa. Hii ni ya weye uliyebeba."

Mchungaji hakupenda. Alisema kanisa si malewa. Jumapili iliyofuata wazee wanne waligombania kikapu.

Kwangu mimi alianza kwa kuninyima. Baba alikuwa ametangulia, kisha mama, na mimi mkubwa nikaacha shule nikiwa na wadogo zangu wanne wanaonitazama kila jua likizama. Nilikwenda nyuma ya malewa kuomba makoko, ule ukoko wa bukari unaobaki chini ya sufuria.

"Makoko ni ya kuku," alisema.

Nikasimama palepale. Sikuwa na pengine pa kwenda.

"Onyesha mikono." Nikaonyesha. Akaweka juu yake sahani iliyotoka motoni. "Meza ya mwisho. Ukiangusha, uende. Ukifika, ukuje kesho."

Nilifika. Sikupewa mshahara. Nilikula hapo, na mengine yote, alisema, yako ukutani. Kwa matabishi ya makopo yale nilinunua unga, nilibadilisha sigara kwa dawa ya minyoo, na mdogo wangu wa pili alikwenda shule kwa sabuni, maana mwalimu wake naye alikuwa na nguo za kufua. Mabaki hakunipa hata siku moja. Lakini mwanamke huyu, aliyepika maisha yake yote, alikuwa na tabia ya kuunguza sufuria kubwa kila siku wadogo zangu walipokuja kuningojea. Aliilaani sufuria, akailaani kuni, akasema kuku wameshiba, atakaye akwangue. Makoko yalikuwa manene kama mkate.

Ndipo alipokuja baba mdogo.

Alikuwa mdogo wake baba, mvuvi wa Kinkondja, mwenye sauti ya kuitana na mtumbwi ulio mbali. Alikuja na kapu la samaki wakavu na uamuzi uliokwisha kufanywa na wakubwa wa ukoo. Wavulana wawili wangekwenda naye ziwani kukausha samaki. Msichana angekwenda kwa shangazi Malemba-Nkulu. Wa mwisho angechukuliwa na watu wa kanisa. Mimi ningeolewa.

"Mutoto wa mwanamuke hawezi kulisha nyumba kwa kubeba sahani," alisema. "Kubeba sahani si kazi. Treni ya Bukama ikifika tu, tunaenda."

Nilimwambia sitaki. Alinijibu kwa upole kwamba hakuniuliza. Kwa heshima, na kwa desturi yetu, nilimtandikia mkeka.

Lakini treni ya Bukama haikuwa jambo la kutegemea. Mara haina mafuta, mara imechukuliwa na wanajeshi. Baba mdogo akawa hana budi kula mahali, na mahali penye samaki wanaopikwa vizuri ni pale malewani tu. Akampa Mama Malewa kapu lake, akalipa abonema. Alipoonyeshwa ukuta alicheka.

"Nimupe matabishi mutoto ya kaka yangu? Huyu ni mutoto yangu."

"Iko sawa, Baba," alisema Mama Malewa, akamtundikia kopo tupu.

Hakuna aliyemdharau. Alipata kipimo chake, samaki wake, sombe yake. Ila maji ya kunawa aliyafuata mwenyewe kisimani, na alipoingia hakuna aliyemwambia neno. Mimi nilimpigia magoti nyumbani kama inavyotakiwa, lakini malewani sheria ilikuwa ya Mama. Mtu aliyezoea kusimulia habari za ziwa mpaka jogoo awike akawa anakula kimya, akitazama wengine wakikaribishwa.

Siku moja treni ya abiria kutoka Lubumbashi iliharibika Kamina, na malewa ikajaa watu mpaka uani. Mama Malewa akatoka jikoni, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Baba, weye uko mukubwa, bantu bananipita. Shika hii sahani, peleka pale."

Hakuweza kukataa mbele ya watu. Akashika. Akapeleka. Na kwa kuwa sauti yake haikujua kunyamaza, akawaambia wageni kwamba huyu samaki anamjua, alimwona angali mdogo. Wakacheka. Nesi, aliyekuwa kwenye meza ile, akachomoa kipande cha sabuni kwenye kopo lake akamwekea kiganjani.

Baba mdogo alikitazama. Akakinusa. Akakitia mfukoni, akaugusa mfuko kutoka nje kuhakikisha.

Kesho yake alifika kabla yangu, kitambaa kiunoni amejifunga mwenyewe. Wiki haikuisha akawa anagombania meza. "Ile ni yangu, nilianza nayo," aliniambia, mtu mzima, akinizuia njia kwa kiwiko. Alikuwa fundi, siwezi kukana. Alimpa kila samaki ukoo na historia. Karani alimpa sigara ili asikie mwisho wa hadithi ya mamba, na baba mdogo akaisimamisha hadithi katikati mpaka kesho.

Mama Malewa alimtazama siku kadhaa. Kisha akampa meza ya wanajeshi.

Walikuwa maofisa watatu wa kambi, wenye abonema yao, na makopo yao ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote ukutani. Walikuwa na desturi moja: hawakutoa chochote mpaka sahani ziwe tupu na meno yamechokolewa. Kisha walitoa kwa mkupuo.

Siku treni ya Bukama ilipofika, ilikuwa mchana. Nilikuwa nimefunga vifurushi vya wadogo zangu kwa mikono yangu, na Mama Malewa alikuwa ameniambia niwalete wangojee malewani, ni karibu na gare. Walikaa mlangoni juu ya vifurushi vyao. Wa mwisho alikuwa ameshika pindo la kitenge changu na hakutaka kuliachia, kwa hiyo nilihudumia nikiwa namvuta nyuma yangu. Sikulia. Nilifuta meza ileile mara nyingi.

Maofisa waliketi. Mama Malewa aliwapelekea samaki mkubwa wa ziwani, mwenye miiba kila mahali, kipande kimoja kimoja. Kila walipomaliza kipande, kingine kilikuwa "kinakuya". Kisha pilipili ikawa haijasagwa. Kisha bukari ikabidi isongwe mpya, kwa sababu ya kwanza, alisema, haifai kwa wakubwa.

Treni ikapiga filimbi.

Baba mdogo alisimama nyuma ya maofisa, kitambaa mkononi. Alitazama mlango. Alitazama sahani.

"Baba mudogo, treni," nilimwambia, maana ilikuwa haki yake kuambiwa.

"Inatia mafuta kwanza. Naijua."

Maofisa walichambua miiba. Mmoja alimwuliza habari ya yule mamba, naye akajikuta anaeleza, haraka, kwa mikono. Filimbi ikalia tena, ndefu.

"Baba mudogo."

"Hii treni inapigaka mara mingi. Acha." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Banabakisha kidogo tu."

Wadogo zangu walikuwa wamesimama juu ya vifurushi ili waone gare. Niliona moshi kabla ya kusikia magurudumu. Afisa wa kwanza akajifuta mdomo, akainuka, akafuata kopo lake ukutani, akampa baba mdogo pakiti nzima ya sigara na mche wa sabuni ambao haujakatwa. Wa pili akatoa chumvi. Wa tatu akatoa kisu kidogo cha kukunja. Baba mdogo alivipokea kwa mikono miwili, uso wote ukafunguka. Halafu akasikia jinsi kulivyokuwa kimya.

"Baba," Mama Malewa akasema kutoka jikoni, "umekosa treni? Pole."

Baada ya hapo njia ya reli ilifungwa muda mrefu kwa sababu ya vita. Baba mdogo alihudumu mpaka alipochoka kungoja, akabadilisha sigara na sabuni zake kwa baiskeli iliyotumika. Baiskeli haiwezi kubeba watoto wanne. Lakini si hilo lililomaliza shauri, maana angeweza kuwarudia. Asubuhi ya kuondoka alipita malewani, mzigo umefungwa nyuma, akasimama mbele ya ukuta akilitazama kopo lake ambalo halijawahi kuwa na kitu.

"Nitabaambia nini bakubwa?" aliniuliza. "Kwamba kubeba sahani hakulishi bantu? Bataangalia baiskeli." Akatoa kipande cha sabuni, akakitia koponi kikalia, kisha akakichomoa na kunipa. "Sasa niambie ile neno yenu."

"Karibu, Baba mudogo," nilisema, na nilimletea maji ya kunawa.

Wadogo zangu walibaki. Miaka mingi baadaye nilimwuliza Mama Malewa kama siku ile alimchelewesha samaki makusudi.

"Ile samaki ilikuwa na miiba," alisema. "Ulitaka basoda bameze miiba?"

Sikupata jibu jingine kwake mpaka juzijuzi, kama lile ni jibu.

Miguu yake ilikataa kusimama jikoni, nami nikaachiwa malewa. Nilitaka kumpelekea chakula kila siku bure. Alikasirika, akasema yeye si mwombaji, akalipa abonema kwa sufuria yake kubwa, ileile iliyokuwa ikiungua. Akataka na kopo, nikalitundika karibu na kitanda chake. Nilimhudumia mwenyewe. Alichomoa kitu kwanza, sindano au kipande cha sabuni, ndipo alipokubali kusalimiwa. Siku moja nilijisahau nikamkaribisha kabla hajatoa. Aliziba masikio.

Mwezi ulipoisha nililishusha kopo. Lilikuwa na kipande cha sabuni ndani. Nilifikiri ni macho yake yaliyochoka.

"Mama, umesahau moja."

"Sikusahau. Imebaki. Sheria iko namna gani?"

"Unataka nikuimbie?"

"Weye peke yako? Ile wimbo inataka bantu."

Basi niliwaita. Mmoja wa wavulana anafanya kazi gare, mwingine ni mwalimu, msichana anauza samaki wa Kinkondja anaoletewa na baba mdogo, na wa mwisho alikuja na mtoto wake mgongoni. Jumapili baada ya ibada tulisimama mlangoni na vifuniko vya sufuria. Mama Malewa alijifunika kitambaa kichwani mwenyewe, kama mkosaji anavyotakiwa. Tuliimba imebaki, imebaki, mukono haikuiona, mpaka majirani wakatoka na watoto wao wakashika wimbo.

Tulipomaliza, aliinua kitambaa. Hakunyosha mkono kupokea sabuni. Alitusogeza karibu na dirisha, penye mwanga, akatugusa mmoja mmoja kwa kidole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alirudia tangu mwanzo.

"Bote?"

"Bote, Mama."

Ndipo alipochukua kipande chake, akakinusa, akakirudisha koponi.

"Tundika," akasema. "Na mwezi huu nitabakisha."